Jezi Zilizokuja Bila Chumvi

Wiki iliyopita mjukuu wangu Sabra, huyu anayesoma chuo, alikuja kunitembelea hapa Michenzani. Alinikalisha kwenye kochi akanionesha simu yake. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya makocha wa mpira wa Ulaya, picha zao ndogondogo, na kila mmoja ana namba yake pembeni.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Babu, hawa ndio wanaobashiriwa kufukuzwa kazi. Namba ikiwa ndogo, mtu keshakaribia mlango. Watu wanawekeana pesa."

Nikavaa miwani. Wa juu kabisa alikuwa bwana mmoja mwenye mvi, amevaa koti zuri, kola yake imepigwa pasi na mtu anayejua kazi. Nikamtazama kwa muda.

"Na hawa walioziandika hizi namba," nikasema, "nani kati yao amewafulia jezi?"

Sabra alicheka mpaka akapaliwa. "Babu bwana! Jezi zinahusiana nini? Haya, mama kaniambia we ulikuwa bingwa wa mambo haya. Nambie, nani anafuata?"

Siku ile sikumjibu. Jawabu langu ni refu, na Sabra alikuwa na haraka ya kwenda Forodhani na wenzake. Nimeona bora niliandike, alisome yeye, na nyinyi wengine mnaokaa chini ya majumba haya kila alasiri mkibashiri mambo ya watu msiowajua.

Mimi naitwa Vuai, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa dobi. Chumba changu cha kazi kilikuwa Mji Mkongwe, upande wa Kiponda, chini ya nyumba ya ghorofa ambayo uani kwake palikuwa na makaro mawili ya kufulia na kamba saba za kuanikia. Nilifua kanzu za maharusi, mashuka ya nyumba za wageni, na kwa miaka mingi nilifua jezi za timu moja ya mpira ya hapa mjini. Jina lake sitalitaja. Wenyewe wako hai na wengine tunasali msikiti mmoja.

Watu walinijua kwa kufua, lakini walinijua zaidi kwa jambo jingine: nilikuwa nikijua kocha gani anafuata kuondoka. Nilijua kabla ya redio, na mara mbili nilijua kabla ya mwenyekiti wa timu mwenyewe. Ilikuwa inanishangaza hata mimi, na nilipenda kushangaa.

Kwanza niwaambieni jezi inafuliwa vipi, maana bila ya hilo mengine hayaeleweki.

Jezi haifuliwi kama shati. Ukiipokea unaigeuza ndani nje, unaitia kwenye maji baridi matupu, bila sabuni, unaiacha iteme chumvi. Mchezaji akikimbia kwenye jua la alasiri la hapa kwetu, jasho lake likikauka linaacha mistari myeupe mgongoni, na kitambaa kinakuwa kigumu kama samaki wa kukaushwa. Ukitia sabuni juu ya chumvi ile, povu hulioni. Utamaliza mche mzima na jezi inanuka vilevile. Doa la majani unalipaka ndimu na sabuni, unalifikicha kwa kidole gumba. Brashi weka mbali, inakula uzi. Damu ni maji baridi. Ukiitia maji moto umeipika, haitoki tena. Na pasi usiipitishe juu ya namba. Mimi niliipitisha mara moja tu, mwaka wangu wa kwanza. Mkia wa namba tisa ukabaki kwenye pasi, na mshambuliaji wetu akaingia uwanjani na duara mgongoni. Mpaka anaacha mpira watu wakimwita Sifuri, na mpaka leo akiniona ananinunia kidogo.

Kosa jingine lilikuwa kubwa zaidi. Siku moja kwenye mfuko wa jezi nyeupe palikuwa na kibendera chekundu cha kona, mtu kakitia humo kwa uvivu, nami nikaloweka vyote pamoja bila kutazama. Asubuhi nilikuta karo zima rangi ya waridi. Nililia, siwafichi. Hapakuwa na seti nyingine, timu ikaingia na waridi lake, uwanja mzima ukapiga vigelegele. Wakashinda. Kocha wa wakati ule akaja mbio Kiponda kunitaka nisizitoe rangi ile mpaka ligi iishe.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Jivan, mzee wa Kihindi aliyerithi makaro yale kutoka kwa baba yake. Alikuwa na vidole virefu na maneno machache. Nilipokuwa mwanafunzi wake ililetwa kanzu ya bwana mmoja mheshimiwa sana wa mjini, na begani pana alama ya wanja, mbichi. Nami nikiwa na akili za ujana nikatoka nayo habari barazani: fulani kanzu yake ina wanja. Mji ukachemka. Baadaye ikajulikana kwamba wiki ile yule bwana alimuoza binti yake wa pekee, na binti alimlilia begani wakati anachukuliwa na mumewe.

Bwana Jivan alinivuta sikio mpaka nikainama. Akaniambia, "Nguo itakwambia imetoka wapi. Kwa nini, haikwambii. Kwa nini, nenda kamuulize mwenye nguo. Kuuliza si ujinga, Vuai."

Nusu ya kwanza ya maneno yale niliishika vizuri sana, na ndiyo iliyonipa jina. Nusu ya pili niliiacha palepale kwenye karo.

Sasa nije kwenye bao la makocha.

Karibu na chumba changu palikuwa na baraza la mawe, na watu wazima tukikaa pale baada ya sala ya alasiri. Palikuwa na kahawa, palikuwa na bao. Sikumbuki nani alianza, lakini siku moja ligi ilipokuwa imechafuka, bao likageuzwa matumizi. Kila shimo tuliliita kwa timu moja. Kila mtu akachukua kete moja akaitia kwenye shimo la timu ambayo kocha wake, kwa maoni yake, ndiye atakayefuata kufukuzwa. Kocha akiondoka, tunatazama shimo lake. Walioweka kete humo wanakaa wanywe kahawa wiki nzima kama masultani. Waliokosa wanafagia baraza, wanaosha vikombe, wanachemsha kahawa kwa zamu.

Pesa hapakuwa, na tulijifariji kwa hilo. Bibi yenu, Mungu amrehemu, hakufarijika hata kidogo. "Kamari ni kamari," alikuwa akiniambia, "hata mkiwekeana ufagio. Mnakaa pale mkiombeana nani atoke kazini?" Nami nikimwambia hatumuombei mtu, tunabashiri tu. Alikuwa akiguna, na guno lake lilikuwa na hoja nzito kuliko hutuba.

Lakini wajukuu zangu, ule mchezo ulikuwa mtamu. Unakufanya umtazame mtu kwa makini kuliko hata mkewe anavyomtazama. Wenzangu walitazama matokeo: kafungwa mara tatu, anatoka. Mimi niliona makocha wanaofungwa mara tano wakabakia, na wengine wanashinda na wanaondoka. Nikawa najiuliza, basi kinachomtoa mtu ni nini? Nikaanza kutafuta kwenye nguo, maana makocha wa timu nyingine nao wakileta nguo zao kwangu.

Niligundua mambo. Kocha anayeleta suti ipigwe pasi katikati ya wiki, hana harusi wala maziko, huyo kaitwa na kamati. Kocha anayekuja mwenyewe kutaka nguo zake binafsi zitengwe na za timu, huyo roho yake imeshafunga mizigo. Mmoja alikuja kuniuliza kama filimbi yake imebaki mfukoni mwa suruali. Filimbi! Wiki mbili nzima alikuwa mazoezini bila filimbi na hakugundua kwamba haipo. Jioni ile nikaweka kete yangu kwenye shimo lake, na siku ya nne akaondoka.

Ishara kubwa kuliko zote ilikuwa chumvi. Wachezaji wakimkubali kocha wanakimbia, na wakikimbia jezi zinakuja ngumu, nyeupe mgongoni, zinanuka mpaka paka wa Kiponda wanahama. Wakishamchoka, wanatembea uwanjani. Hakuna atakayekwambia. Mbele ya kocha wanasema "Naam, mwalimu," na mbele ya kamati wanasema yote salama. Lakini Jumatatu mfuko ukifunguliwa, jezi ni laini, zimekaa tu mwilini. Chumvi haina unafiki. Nilisema hivyo barazani mara nyingi, na watu wakatikisa vichwa.

Mara ya mwisho niliyosema hivyo, ilimuhusu Maalim Mcha.

Maalim Mcha alikuwa mtu wa Makunduchi, mwalimu wa skuli, mpole, mrefu, anayetembea amefunga mikono nyuma. Timu yetu ilimchukua baada ya kusikia alivyowafundisha vijana wa huko kusini. Ili aje, aliacha kazi ya kusomesha, akahamisha mke na watoto wanne wakapanga nyumba Kiembe Samaki. Kwa hiyo kwake lilikuwa jambo la kula na kulala. Sote tulilijua hilo.

Alikuwa kocha wa kwanza kuingia chumbani kwangu akakaa. Wengine walisimama mlangoni. Yeye alikaa kwenye pipa lililopinduliwa akauliza mambo: kwa nini maji baridi, kwa nini ndimu, kwa nini kamba ya saba nimeifunga juu kuliko nyingine. Halafu akaiona mikono yangu.

Wakati ule mikono yangu ilikuwa imeharibika. Chumvi, sabuni, chumvi, sabuni, miaka nenda miaka rudi. Viganja vilipasuka, mipasuko ikatoa damu, na maji ya jezi yakiingia humo nilikuwa nauma meno.

"Mzee Vuai, hii mikono inataka kupumzika," akasema. "Tutafute mtu akusaidie kuloweka?"

Nikakasirika. Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu. "Kwani nshakwambia nimechoka? Maalim, we tazama wachezaji wako, mimi niachie karo langu."

Akainuka, akaniomba radhi, akaenda zake. Hakulirudia tena jambo lile.

Msimu ule ulianza vizuri ukaenda ukisinzia. Tukatoka sare, tukafungwa, tukatoka sare tena. Mimi nilikuwa na furaha zangu nyingine, maana mikono ilikuwa inapona. Mipasuko ilifunga mmoja mmoja. Bibi yenu alikuwa akinipaka mafuta ya nazi kila usiku, nami nikamsifu yeye na minazi yote ya Unguja.

Wakati huohuo jezi zikaanza kuja bila chumvi.

Jumatatu ya kwanza nilidhani ni bahati. Ya pili nikaipeleka jezi ya kiungo kwenye mwanga wa mlango, nikaigeuza, nikaipitishia kidole mgongoni. Laini. Ya nahodha, laini. Ya kipa, haya, kipa si kitu. Ya tatu hali ileile. Madoa ya majani yalikuwepo, tena mengi, magotini na viwikoni, na hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza: mchezaji asiyekimbia anaangukaje namna hii? Nililiona doa na nikalipaka ndimu. Nikajiambia wanaanguka kwa uvivu.

Jioni ile barazani kila mtu aliweka kete kwenye shimo la timu moja ya upande wa Kaskazini, iliyokuwa inafungwa kila wiki. Ilipofika zamu yangu nikaiweka kete kwenye shimo letu wenyewe.

Makame, katibu wa timu yetu, alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa baraza lile miaka yote.

"Vuai," akasema, "unamuweka Maalim Mcha?"

"Namuweka."

"Wallahi una hakika? Sisi kwenye kamati hatuna habari hiyo. Tulisema tumpe muda."

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ilikuwa palepale. Badala yake nikanyoosha mgongo nikasema, "Jezi hazina chumvi, Makame. Wiki ya tatu hii. Wachezaji wameshamuacha."

Makame aliweka kikombe chini bila ya kumaliza kahawa, na mimi niliona fahari. Mtu mzima, katibu wa timu, ananisikiliza dobi!

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lile langu lilikuja upesi. Kamati ilikaa, neno la chumvi likazunguka meza, kila mmoja akakumbuka dalili yake: huyu kaona wachezaji wakinong'ona, huyu kaona nahodha hakumsalimia Maalim sokoni. Kabla wiki haijaisha barua ikatoka. Maalim Mcha alirejesha suti ya mazoezi ya timu mwenyewe, chumbani kwangu, imefuliwa, imekunjwa.

"Ahsante kwa kazi yako, Mzee Vuai," akasema.

"Riziki iko kwa Mungu," nikamjibu. Sikumtazama usoni sana.

Wiki ile Makame, aliyeandika barua kwa mkono wake, ndiye aliyefagia baraza, maana kete yake ilikuwa Kaskazini. Nami nilikunywa kahawa. Watu walinipigapiga begani.

Akaja kocha mpya, na Jumatatu ya kwanza mfuko ukaja mzito. Jezi ngumu, nyeupe mgongoni, harufu imejaa chumba kizima. Niliita watu waje kuona! Nilizishika jezi zile kwa ncha za vidole nikazisimamisha, zikasimama. "Mnaona?" nikasema. "Wameanza kukimbia." Makame mwenyewe alikuja, akaziangalia, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wiki ya tatu mikono yangu ikapasuka tena.

Bibi yenu akaniuliza, "Mafuta siku hizi hupaki?" Nikamwambia we mwenyewe ndiye unayenipaka kila usiku. Akakitazama kiganja changu kwenye taa, akakigeuza, akaguna. Lakini safari hii guno lake lilikuwa la kushangaa.

Siku mbili baadaye nahodha wa timu, kijana wa Kikwajuni aitwaye Haroub, alikuja kuchukua mfuko. Akanikuta nimefunga kitambaa kwenye kiganja.

"Mzee, mikono tena?"

"Tena," nikasema. "Ilikuwa imepona, sijui imekumbwa na nini."

Haroub akasimama pale mlangoni. Niliona anapima kusema au kutosema. Halafu akaweka mfuko chini.

"Mzee Vuai, bora nkwambie. Wakati wa Maalim tulikuwa tunazisuuza. Kila Jumamosi tukitoka uwanjani tunapitia kwake Kiembe Samaki. Anajaza mapipa maji, kila mtu anasuuza jezi yake mpaka chumvi itoke, tunazianika uani kwake. Jumatatu ndio zinakuja kwako. Alisema chumvi inakula mikono yako."

Nikalivuta pipa nikakaa.

"Alitukataza tusikwambie. Alisema we mtu wa heshima yako, utaona tunakunyang'anya kazi. Huyu kocha mpya hana habari, nasi tukaacha." Akainama chini. "Na tulikuwa tunakimbia, mzee. Wallahi tulikuwa tunakimbia. Mpira ulikuwa unakataa tu."

Aliondoka na mfuko wake. Nilibaki nimekaa kwenye lile pipa lililopinduliwa. Nikakumbuka madoa ya majani. Nikamkumbuka Bwana Jivan na sikio langu. Niliona haya ambayo sijawahi kuona maishani, haya ya kutaka ngozi ibanduke. Mtu alinifanyia wema kimyakimya, nami nikauchukua wema wake ule ule nikaufanya ushahidi wa kumfukuzia.

Nilikwenda kwa Makame jioni ileile nikamueleza kila kitu mbele ya baraza zima. Makame akasema, "Vuai, barua ishatoka. Kocha mpya kashinda mechi mbili. Nimwambie nini mwenyekiti, kwamba dobi kakosea kuonja chumvi?" Mtu mmoja akacheka. Nikachukua kete yangu kwenye bao nikaitia mfukoni. Sikuicheza tena.

Jumapili nikaenda Makunduchi.

Nilimkuta Maalim Mcha shambani kwake, anapalilia muhogo. Nafasi yake skuli ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, watoto wake wawili wamebaki mjini kwa dada yake ili wasikatize masomo. Aliponiona aliweka jembe chini, akapangusa mikono kwenye saruni, akaja kunipa mkono. Hakuuachia. Aliugeuza kiganja juu, akakitazama.

"Shikamoo mzee wangu. Mikono je? Mbona imerudi tena?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniruka yote. Nikamwambia ovyo ovyo, nikianzia mwisho nikirudi mwanzo: bao, kete, Makame, chumvi, Haroub. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtoa. Nikamuomba radhi, mtu mzima nimesimama kwenye matuta ya muhogo nalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hakusema si kitu. Nashukuru kwamba hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu. Aliinama akaliokota jembe, akasema kwa sauti yake ileile ya darasani:

"Ungeniuliza, Mzee Vuai. Nilikuwa nakuja pale kila wiki. Ungeniuliza tu, nami ningekwambia."

Kisha akaniita ndani nile. Nilikula kwake, muhogo na samaki.

Kwamba alinisamehe nilijua baadaye, kwa sababu alikuwa akinitumia salamu kila mtu wa Makunduchi alipokuja mjini. Ukocha wa timu kubwa hakuupata tena. Baada ya muda alirudi kusomesha, skuli ndogo ya huko huko, na timu ya watoto wa skuli ile ilikuwa ikiniletea jezi zake mara moja kwa mwaka, kabla ya mashindano. Zilikuja zimesuuzwa. Zile nilizifua mpaka siku ninafunga chumba, ingawa timu zote za mjini zilikuwa zimeshanunua mashine.

Mashine ni nzuri, sina ugomvi nayo. Inafua chumvi na damu na majani bila kujua ni za nani, na haikai barazani.

Basi Sabra, juzi uliporudi ukanikuta naandika, ukaniuliza tena. Ulikaa karibu yangu ukafungua simu, na yule bwana wa mvi na koti zuri bado alikuwa juu kabisa, namba yake imezidi kuwa ndogo.

"Babu, usinikimbie leo. Huyu anatoka au hatoki?"

Nikamtazama yule bwana. Kola safi, macho mekundu kidogo ya mtu asiyelala. Sijui ana watoto wangapi wala nyumba kapanga wapi.

"Sijui," nikakwambia. "Hebu tazama humo kwenye simu yako. Hakuna namna ya kumuuliza mwenyewe?"

Ukacheka, Sabra. Mimi nilikuwa nauliza kweli.